Ng'ombe wa Meseji Tatu

Mama mweka hazina hakuketi. Alisimama mlangoni, karatasi mkononi, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, akaniuliza kwa ile sauti ya chini ya mtu aliyekwisha kukata shauri: "Binti yangu, hizi meseji zetu unamtumia nani mwingine?"

Nilikuwa karani wa chama cha ushirika cha wafugaji wa maziwa upande wa Bahati, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Karatasi ile ilikuwa ankara ya kampuni tuliyoilipa itutumie matangazo kwenye simu za wanachama. Wanachama 612, meseji moja senti 80. Tangazo moja basi ni shilingi 489 na senti 60. Ankara ilisema shilingi 1,468 na senti 80. Mara tatu kamili, hakuna senti iliyozidi wala kupungua. Uchaguzi wa kamati ulikuwa umekaribia, na Mama alikuwa amejijibu tayari: kuna mgombea anayejitangaza kwa salio la chama, na mimi ndiye mlango wake wa nyuma.

Niliapa. Nikamwonyesha kwenye kompyuta kwamba tangazo lilitoka mara moja tu. Akatazama, akaguna, akanipa hadi Ijumaa nieleze, la sivyo jambo lifike kwa kamati. "Sijakuita mwizi," alisema akigeuka, "lakini maziwa hayapungui yenyewe mtungini."

Tangazo lenyewe lilikuwa hili:

"Mkulima mpendwa, daktari wa ng'ombe atakuwa kwenye josho letu Jumanne saa 3 asubuhi kwa chanjo. Leta kila ng'ombe na ndama. Njoo na kadi ya uanachama."

Herufi 150, ukijumlisha nafasi na vituo vyote. Meseji moja hubeba 160. Nilijua hilo, nilikuwa hata nimefuta neno moja la shukrani mwishoni ili nisivuke. Nilipopiga simu kwa kampuni, msichana aliyepokea aliniambia kwa upole kwamba mfumo umehesabu sehemu tatu. Sehemu tatu za nini? Za meseji, dada. Kisha muziki, kisha laini ikakatika.

Usiku huo nilikaa na kompyuta ya ofisi mezani kwangu hadi mume wangu akaja kuniuliza kama nimeanza kucheza kamari. Ukurasa wa kutumia meseji ulikuwa na kihesabio kidogo kwenye pembe ya chini, kitu ambacho sikuwahi kukitazama. Nilipoandika tangazo upya kwa vidole vyangu, kilisema 150 kati ya 160. Nilipolinakili kutoka kwenye faili ninamoweka matangazo yote, maneno yale yale, kilisema 150 kati ya 70. Sabini! Nikaanza kufuta kutoka mwisho, neno moja moja, kama mtu anayevua kitunguu. Uanachama, bado 70. Kadi, bado. Ndama, bado. Nikafuta ng'ombe wa pili, nikafuta chanjo, nikafuta Jumanne na josho. Sabini, sabini. Nilipofika kwa ng'ombe wa kwanza nikamfuta, yakabaki "Mkulima mpendwa, daktari wa", na kihesabio kikaruka chenyewe hadi 160.

Kwa hiyo mwizi alikuwa ng'ombe.

Suluhisho langu la kwanza lilikuwa la haraka na la kijinga. Ijumaa nilimwambia Mama mweka hazina kwamba neno "ng'ombe" lina shida na mfumo, kwamba tangu sasa nitaandika "mifugo", na gharama itarudi pale pale. Hakuamini, ila alikubali tujaribu. Tangazo lililofuata lilihusu dawa ya minyoo: daktari wa mifugo atakuwepo, leta mifugo yote. Ankara ikatoka 489 na senti 60. Nilikaribia kuimba.

Halafu siku ya dawa ikafika. Watu walikuja na ng'ombe, ndiyo. Walikuja pia na mbuzi, na kondoo, na punda wawili wa mkokoteni wa maziwa, na mama mmoja alibeba kuku watatu kwenye kikapu, akaniambia mbele ya daktari kwamba meseji ilisema yote. Dozi zilikuwa zimehesabiwa kwa ng'ombe. Mwenyekiti alisimama juu ya ukuta wa josho akijaribu kueleza, punda mmoja akalia kwa muda wote wa hotuba yake. Nilikuwa nimeokoa shilingi 979 na senti 20 na kupoteza maana. Huko nyuma kamati ilikuwa inanishuku wizi. Sasa ilikuwa inanishuku Kiswahili.

Hapo ndipo nilipokaa na yule ng'ombe kwa makini. Niliwaweka wawili kwenye kioo, mmoja niliyemwandika mimi na mmoja kutoka kwenye faili, nikawakuza hadi herufi zikawa kubwa kama parachichi. Ng, sawa. Ombe, sawa. Ila ile alama ya katikati, ritifaa tuliyofundishwa shuleni, haikuwa moja. Wangu alikuwa na kijiti kilichosimama wima. Wa kwenye faili alikuwa na kijiti kilichopinda, kichwa kinene na mkia, kama kiluwiluwi. Programu ya kuandikia barua hupenda urembo: ukibonyeza kijiti, yenyewe inakugeuzia kiluwiluwi bila kukuuliza.

Sisi wenyewe tunajua ritifaa si urembo. Ukiitoa kwenye ng'oa unapata ngoa, na aliyelia ngoa hajang'oa kitu. Kwa Kijaluo, lugha niliyolelewa nayo, ng'ato ni mtu na ng'eyo ni kujua. Lakini kwamba kuna ritifaa mbili, na moja ni ya bei nafuu na nyingine ya bei ghali, hilo sikuwahi kufundishwa na mwalimu yeyote.

Sababu yake niliipata kwa kusoma polepole, na nitaieleza jinsi nilivyoielewa. Simu haijui herufi. Inajua ndiyo na hapana. Kila alama kwenye meseji ya kawaida hutambulishwa kwa majibu saba ya ndiyo au hapana, na majibu saba yanatosha kutofautisha alama 128, basi. Waliopanga jambo hili Ulaya miaka ya themanini walitengeneza jedwali la alama hizo, na kila simu duniani ilipewa jedwali lile lile. Meseji nzima ina nafasi ya majibu 1,120. Gawanya kwa saba: 160. Mjerumani mmoja aliyekuwa kwenye kazi hiyo, Friedhelm Hillebrand, aliketi Bonn mwaka 1985 akipiga taipu sentensi za ovyo ovyo na kuhesabu, akaona nyingi zinaingia ndani ya 160, akaridhika.

Ritifaa ya wima imo kwenye jedwali. Iliyopinda haimo. Simu inapokutana na alama isiyo kwenye jedwali, haiwezi kuibadilishia hiyo peke yake. Inahamisha meseji nzima kwenye jedwali jingine, kubwa, lenye maandishi karibu yote ya dunia, ambalo kila alama yake hudai majibu kumi na sita. Gawanya 1,120 kwa kumi na sita: 70. Na meseji ikipasuliwa vipande, kila kipande kinatoa nafasi kidogo ya uzi wa kukishonea na mwenzake, zinabaki 67. Herufi zangu 150 kwa vipande vya 67 ni vipande vitatu. Kiluwiluwi kimoja kilitosha kuwapandishia bei majirani wake 149. Mimi nilikuwa navyo viwili.

Kwa Kiswahili sanifu mapatano ya namna hii, kwamba alama hii isimame badala ya kitu kile, huitwa msimbo. Mtaani tunasema kodi, kwa kuiga Kiingereza, lakini mwambie mfugaji wa Bahati kwamba meseji ya ng'ombe wake ina kodi mbili uone kama hatauliza serikali imeanza lini.

Kilichoniuma baada ya kuelewa si ritifaa. Ni jedwali. Nililisoma alama kwa alama. Zimo herufi za Kigiriki kumi za mtindo wa herufi kubwa. Imo O yenye mstari ya watu wa Norwe na Denmark, imo N yenye wimbi ya Wahispania, imo alama ya kuuliza iliyosimama kichwa chini miguu juu, imo alama ya pauni na ya yeni. Wagiriki hawajawahi kunisumbua kwa lolote, lakini nilipowatazama pale wamejipanga na pembetatu zao nilijisikia kama mtu aliyefika harusini akakuta viti vimeandikwa majina.

Na hisia ile haikuwa ngeni. Niliwahi kuipata nikiwa mtoto, Kisumu, kutoka kwa mzee mmoja na kijiko.

Tulikaa karibu na nyumba za reli. Jirani yetu alikuwa amestaafu kutoka stesheni, na sisi watoto tulimwita Mzee wa Reli. Alipenda kutuambia kwamba reli ilipofika ziwani mwaka 1901, na mji ukiitwa Port Florence, waya wa telegrafu ulikuwa umetembea nayo bega kwa bega, kwa sababu garimoshi bila habari ni chuma tu. Yeye mwenyewe msimbo wa Morse, ule wa telegrafu unaoandika kila herufi kwa nukta fupi na mistari mirefu, alikuwa amejifunza shuleni akiwa skauti, na alitufundisha jioni kibarazani, kwa kikombe cha bati na kijiko. Kugonga hakuna urefu, kwa hiyo alibuni yake: kijiko kikigonga ukingo wa kikombe ni nukta, kikiburutwa kwenye ukingo ni mstari. Hadi leo nikisikia mtu anakwaruza sufuria naanza kutafuta herufi.

Neno la kwanza alilotupa ni la mji wetu:

–·–  ··  ···  ··–  ––  ··–

K, I, S, U, M, U. Tulirudia hadi mama zetu wakachoka. Siku moja kaka yangu alikuwa na haraka, chai ilikuwa imeiva ndani, akagonga bila kupumzika kati ya I na S. Mzee akainua mkono. "Umeandika nini?" Kisumu, mzee. "Hapana. Umeandika K5UMU." Nukta mbili za I na nukta tatu za S zikiungana ni nukta tano, na nukta tano ni tarakimu 5. Tulicheka hadi tukalala chini. Kwa wiki nzima mji ulikuwa K5UMU, na kila mtu tuliyemchukia tulimtafutia tarakimu. Mzee hakucheka sana. Alituambia kimya nacho kimo kwenye mapatano, na anayekula kimya anakula herufi.

Kisha akatuonyesha jambo la pili, ambalo wakati ule nililiona kama malalamiko ya mzee tu. E ni nukta moja. T ni mstari mmoja. Samuel Morse na mwenzake Alfred Vail, waliotuma habari kwa waya wa telegrafu kutoka Washington hadi Baltimore mwaka 1844, walipangiwa na lugha yao: herufi inayotumika sana kwa Kiingereza ipewe alama fupi, isiyotumika itupwe mbali. Ukihesabu nukta kuwa pigo moja, mstari mapigo matatu, na pengo la ndani pigo moja, E ni pigo moja. A yetu, ambayo Kiswahili hakiwezi kupumua bila yake, ni mapigo matano, si haba. Lakini Z ni mapigo kumi na moja, na Y na J ni kumi na matatu kila moja. Sasa jaribu kusema kitu kwa Kiswahili bila ya na za. Mzee alisema: "Mzungu ameweka E yake karibu na mkono, kama chumvi. Z ameirusha darini. Sisi tukitaka kusema kazi ya mzee lazima tupande ngazi."

Nilipohama kutoka 40100 hadi 20100, yaani kwa namba za posta kutoka Kisumu hadi Nakuru, kuolewa, Mzee wa Reli alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mapatano niliyoondoka nayo nyumbani yalikuwa mepesi zaidi, na mama yangu ndiye aliyeyatunga. Nikisafiri kutoka Kisumu kwenda Nakuru: kubipu mara moja, nimefika, mara mbili, nipigie, kuna jambo. Yalifanya kazi miaka mingi bila kumlipa mtu senti. Yalivunjika siku moja tu, matatu ilipoharibika kabla ya Mau Summit, baridi inauma, nikambipu mara mbili na mtandao ukala moja. Mama akalala usingizi mzuri akijua nimefika. Mimi nilikuwa barabarani hadi saa sita usiku.

Turudi kwenye chama. Ritifaa niliitengeneza: niliifungua faili yote, nikabadilisha kila kiluwiluwi kuwa kijiti, nikaizima ile tabia ya urembo. Nilidhani nimemaliza.

Mwisho wa mwezi uliofuata tulituma orodha ya malipo ya maziwa. Ilitoka kwenye kompyuta yetu, ikapita kwenye mfumo wa watu wengine, ikarudi na wanachama 23 waliokataliwa kwa sababu jina halilingani. Niliichapisha orodha ya waliokataliwa. Mstari wa kwanza ulisomeka:

Ngâ€™angâ€™a

Chini yake alikuwepo Ngâ€™eno, chini zaidi Ongâ€™era. Mkikuyu, Mkalenjin na Mkisii, wote wamekataliwa mlango mmoja. Sikuhitaji mtu kunieleza ni nani amepita pale. Majina ya wanachama yalikuwa yamechapwa miaka iliyopita kwenye ile programu ya urembo, na ni matangazo tu niliyoyasafisha.

Jambo lililotokea, kama ile K5UMU ya kaka yangu, ni watu wawili kusoma mapigo yale yale kwa mapatano tofauti. Katika msimbo unaotumika sana kwenye intaneti, UTF-8, ritifaa iliyopinda huandikwa kwa baiti tatu, yaani mafungu matatu ya majibu manane manane ya ndiyo au hapana, zinazosomwa pamoja, kama silabi moja. Mfumo uliopokea ulikuwa unatumia jedwali la zamani la Windows, ambalo kila baiti ni alama inayojitegemea. Baiti ya kwanza ikawa a yenye kofia, ya pili ikawa alama ya yuro, ya tatu ikawa alama ya biashara. Hakuna baiti iliyopotea. Kila kitu kilifika salama, na bado hakuna kilichofika.

Wanachama hawakuja na habari za baiti. Walikuja Jumatatu asubuhi kabla sijafungua dirisha. Mzee mmoja aliyekuwa ameahidi karo ya mjukuu aliichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akasoma jina lake kimya, kisha akaniuliza, "Hii ya katikati ni pesa za Ulaya?" Nikamwambia ndiyo, mzee, ni alama ya yuro. "Basi mnilipe kwa hizo."

Ilichukua siku tisa kuwalipa wote 23. Niliandika kila jina upya kwa mkono, nikiwa na kitambulisho cha mwenye jina mbele yangu. Jina la ukoo wa baba yangu nalo lina ng' ndani yake, na sina budi kukiri kwamba nilipolifikia lile faili la wafanyakazi nilianza na langu.

Kufikia wakati huo nilikuwa nimepata sifa ya mtu anayejua mambo ya alama, na sifa ikanipanda kichwani. Chama kina duka la chakula cha ng'ombe na dawa. Siku ambazo simu ya kupokelea malipo iko na msimamizi mjini, tulikuwa tunawaamini wateja kwa kutazama ujumbe wa M-Pesa kwenye simu zao. Nikawafundisha vijana wa duka jambo nililoligundua kwa kupanga jumbe zangu za miaka kadhaa: ile namba ya muamala, herufi na tarakimu kumi zinazoonekana kama zimemwagwa tu, mwanzo wake ni tarehe. Herufi ya kwanza ni mwaka: R ni 2023, S ni 2024, T ni 2025. Ya pili ni mwezi, A ni Januari, L ni Desemba. Ya tatu ni siku: 1 hadi 9 kwa tarakimu, kisha A ni tarehe 10, B ni 11, na kuendelea hadi V ambayo ni 31. Tarehe 14 Agosti 2024, kila muamala nchini ulianza na SHE.

Siku hiyo hiyo alikuja kijana wa pikipiki anataka magunia manne. Akaonyesha ujumbe, tarehe 14/8/24, kiasi sawa, jina la duka sawa. Namba ilianza na SGE. Nikamtazama. Nikamuuliza kwa utulivu kama alilipa leo au mwezi uliopita, maana namba yake ni ya tarehe 14 Julai. Alikuwa amehariri ujumbe wa zamani akasahau namba, au hakujua kwamba namba inasema kitu. Aliwasha pikipiki bila kuaga. Vijana wa duka walinipigia makofi, na Mama mweka hazina, ambaye hakuwahi kuniomba radhi kwa lile la kwanza, alinitumia chai na mandazi ofisini.

Wiki tatu baadaye alikuja mwingine. Magunia sita. Nilikagua namba mwenyewe, mwaka sawa, mwezi sawa, siku sawa. Nikasema mpakilie. Jioni msimamizi aliporudi na simu, hela hazikuwa zimeingia.

Nimeufikiria usiku huo mara nyingi. Nilikuwa nimechukua msimbo nikaufanya muhuri. Msimbo ni njia ya kuandika tarehe; mtu yeyote anayeijua njia anaweza kuipita, na mimi ndiye niliyesimama kaunta nikiifundisha kwa sauti, wateja wamejaa. Ile namba haikunidanganya. Ilisema tarehe, na tarehe ilikuwa kweli. Kama hela zimefika, hilo liliandikwa kwenye simu moja tu, nayo ilikuwa mjini. Magunia sita nilikatwa kwenye mshahara kwa miezi mitatu, na sikubisha. Tangu siku hiyo simu ya duka hailali nje ya duka.

La mwisho lilitoka kwa mwenyekiti. Alisema mama wengi wazee wa Bahati hawakisomi Kiswahili vizuri, kwa nini tusitume matangazo kwa Kikuyu pia. Wazo jema. Mimi Kikuyu changu ni cha sokoni, akaniandikia mwenyewe kwenye karatasi. Neno la kwanza tu, mũrĩmi, yaani mkulima, likanifanya niweke kalamu chini. Ũ na ĩ hazimo kwenye lile jedwali. Wagiriki wamo na pembetatu zao, mũrĩmi hayumo. Sabini, tena.

Njia ya rahisi ilikuwa kuvua zile alama na kuandika u na i tupu, kama watu wengi wanavyofanya kwenye simu. Kabla ya kutuma nilimwonyesha bibi mmoja anayeleta maziwa na punda, yule yule wa siku ya minyoo. Alisoma akisogeza midomo, akarudia mstari mmoja mara mbili, akanirudishia simu. "Nimeelewa," alisema. "Lakini ni kama mtu anayenisemesha na uji moto mdomoni."

Nikampelekea Mama mweka hazina. Nilimweleza bila kuficha: tukiandika lugha ya watu jinsi inavyoandikwa, meseji ni herufi 70, hata ukichapa moja zaidi unalipa mara mbili. Nilitarajia hotuba. Aliishika karatasi ya mwenyekiti, akaisoma kwa sauti, kwa lugha yake, na nikasikia sauti zikibadilika mahali ambapo macho yangu yaliona vijialama tu.

"Hili neno la salamu linatoka," alisema, akalipiga mstari. "Hili nalo. Kila mtu anajua josho liko wapi." Alikata kama wale waliokuwa wakituma telegramu, neno moja moja, akikunja uso. Alipomaliza akanisogezea karatasi. "Ũ zangu usiziguse. Sasa hesabu kabla hujatuma."

Nilihesabu kwa kidole, nafasi na vituo vyote. Yeye alihesabu upande wa pili wa meza, kwa penseli, akiweka nukta juu ya kila herufi. Mimi nikapata 68. Yeye akapata 71. Akashusha miwani, tukaanza upya.